Sufuria, Mvua, Daraja, Shati, Kitunguu

Mdogo wangu alipogongwa kichwa kwenye nusu fainali alifanya jambo ambalo klabu yetu haijawahi kuliona: aliinuka, akajipangusa nyasi, akaenda kusimama na wapinzani. Alijipanga kabisa kwenye mstari wao, mikono magotini, anangoja pasi. Wale jamaa nao ni watu wenye adabu zao, wakasogea kidogo wakampa nafasi.

Jukwaa zima lilicheka. Kocha akasema ile ni mbinu. Kocha ni mume wangu, na ukimwambia nyumba inaungua atakujibu kwamba hiyo ni mbinu, tulia. Mimi sikucheka. Mimi ndiye mwenye mkoba wa dawa. Siku za kazi nakanda migongo na magoti ya watu zahanati, Jumamosi nakimbilia majeruhi wa raga. Wachezaji wananiita Mama Barafu kwa sababu, wanavyodai, hata mtu akiachwa na mchumba nitamwekea barafu. Na yule aliyesimama na wapinzani ndiye aliyenifuata ziwa, mtoto wa mama yangu. Ni fundi cherehani. Mabega yake hayapiti mlangoni mpaka ageuke upande, ndiyo maana uwanjani wanamwita Sindano.

Raga yetu ni ile ya watu kumi na watatu, ukishakabwa mara ya sita unawaachia wapinzani mpira. Kukabana ndiyo kazi yenyewe, mpira ni kisingizio tu. Sindano alikwenda kumkaba mtu wao wa mbele, akainama vibaya, kichwa chake kikakutana na nyonga. Nilisikia ule mlio nikiwa nje ya mstari, na chupa ya maji ikaniponyoka.

Nilifika pale mkoba unanipiga kiunoni. Utaratibu ni kwamba mtu akigongwa kichwa unamtajia maneno matano, naye anayarudia, upate kujua kama kumbukumbu iko mahali pake. Nikafungua mdomo kutaja la kwanza. Sindano akanimalizia yote: sufuria, mvua, daraja, shati, kitunguu. Aliyasema akilitazama sikio langu badala ya macho yangu, kisha akatabasamu kwa kujipongeza.

Hapa lazima niwaeleze ujinga wa watu wetu. Chama cha mchezo kilipotugawia kadi ya kupimia mtikisiko wa ubongo, mume wangu aliona fahari, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ili wageni wajue kwamba sisi ni klabu ya kisasa. Wachezaji wakaisoma wakiingia, wakaisoma wakitoka. Msimu ule ule yale maneno yakawa wimbo wa kupasha misuli. Wanaume wazima wenye ndevu wanazunguka uwanja wanaimba sufuria, mvua, daraja, wanapiga makofi, shati, kitunguu. Watoto wao wanayaimba bafuni. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, anayaimba akikunja nguo. Kipimo kikawa kimekufa kifo cha mende. Mchezaji wetu yeyote ukimtoa kwenye usingizi wa pono atakuimbia yote matano na makofi juu.

Basi nikamwuliza Sindano leo tunacheza na nani. Akawanyooshea kidole wachezaji wetu. Nikamshika mkono nikamtoa nje.

Kocha alinifuata mishipa ya shingo imemtoka. Mtu kayataja yote matano, akasema, sasa mimi nataka nini tena, nimpe na mtihani wa hesabu? Nikamwambia hayo hata kasuku angeyataja. Tukabishana mbele ya jukwaa zima, mume na mke, mpaka refa akatuomba tukamalizie nyumbani. Sindano hakurudi uwanjani. Tukashinda hivyo hivyo, kwa bahati na kwa ujinga wa mpiga teke wao.

Garini, tukimkimbiza hospitali, Sindano aliuliza kama tumeshinda. Mume wangu akamwambia ndiyo. Sindano akapiga kelele za furaha, akamkumbatia kwa nyuma mpaka gari likayumba. Hatujafika taa za barabarani akauliza tena. Tumeshinda? Akashangilia upya kabisa. Mume wangu akanogewa, kila akiulizwa anatia chumvi, mpaka tunaingia lango la hospitali tulikuwa tumewanyuka vibaya sana na kocha wao amezimia. Mimi nilikuwa nimeshika barafu kwenye kisogo cha mdogo wangu. Swali lile lile, sauti ile ile, furaha ile ile.

Hospitali wakampiga picha, wakasema damu haijavuja ndani, apumzike, asicheze mpaka apone. Huko kupona ndiko kwenye kazi. Ubongo haujafungwa kwa skrubu humo ndani. Ukitikiswa unahitaji muda, na mtu akigongwa tena kabla haujatulia anaweza kuanguka pale pale asiinuke. Kwa hiyo kuna ngazi za kurudia mchezo: unapumzika, unatembea, unakimbia taratibu, unashika mpira peke yako, daktari anakuruhusu, ndipo unakaba mtu. Ukifika ngazi yoyote kichwa kikaanza kugonga, unashuka. Fainali ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili, hapo hapo kwetu. Kwa mtu aliyepona upesi, siku zingetosha kwa kubanabana.

Mume wangu akanuna, na ananuna kwa ufundi. Akitaka chai anaiambia birika. Akitaka chumvi anaitangazia meza. Siku ya tatu akashindwa, akanitolea ya moyoni: klabu haijawahi kufika fainali, Sindano ndiye ngome, na wao enzi zao mtu alikuwa akigongwa anajikaza kisabuni anaendelea. Nikamwambia ndiyo maana wazee wa klabu wakija kwenye mkutano mmoja wao lazima asindikizwe kurudi kwake. Akarudi kuongea na birika.

Wiki ya fainali yenyewe nikaenda dukani kwa Sindano. Mlango wa bati nikaukuta umeshushwa nusu. Kwa fundi cherehani hilo si ajabu. Siku ya watu kuchukua nguo mafundi wote hushusha mlango, mwenye suti yake ya harusi apite akidhani fundi kasafiri. Nikainama nikaingia. Ndani giza, taa haijawashwa, na yeye kavaa miwani nyeusi, anashona. Redio imezimwa. Redio ile haijanyamaza tangu afungue duka, hata majirani wanapangia saa zao kwa matangazo yake. Nikauliza miwani ya nini. Vumbi la kitambaa linawasha macho. Na redio? Betri. Na mlango? Wateja, dada, kwani huwajui.

Alikuwa anashona jezi za fainali. Aliponiona akazitupia shuka upesi, maana klabuni kwetu kuna mwiko: jezi za fainali hazionwi na mtu, wala hazijaribiwi, mpaka kocha afungue mfuko kwenye chumba cha kubadilishia nguo siku yenyewe. Mwaka fulani vijana walikwenda na jezi mpya mazoezini kabla ya mechi kubwa, wakafungwa mpaka wakaona aibu kwenda kazini. Tangu hapo mwiko unashikwa kuliko kanuni za mchezo.

"Kichwa?" nikamwuliza.

"Kizima."

"Ukiinama?"

"Dada, nikipata nafasi ya kuinama nitakwambia. Nina jezi za watu hapa."

Alikuwa anacheka. Kila nilichouliza kilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la kawaida kwa fundi. Nikatoka roho haijatulia, hata sikujua nishike lipi. Wifi yangu, mkewe Sindano, akanikimbilia mpaka barabarani na kanga mabegani. Akaninong'oneza kwamba mtu wake amekuwa mkali, mtoto akiangusha kijiko anawaka kama moto. Anauliza kama mlango umefungwa, anajibiwa umefungwa, anakaa kidogo anauliza tena. Amemwapisha asiniambie. Kisha akanishika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Wifi, mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya mchezo ambao hata sheria zake sizielewi."

Usiku huo nikamwambia mume wangu wazi kwamba Sindano hachezi. Hakubishana. Ilinipasa nishtuke. Mume wangu asipobishana ujue ana lake jambo.

Kesho yake alimpeleka Sindano hospitali bila mimi. Daktari alikuwa na foleni iliyofika getini, na hamu ya kwenda likizo. Akatoa kadi ya vipimo, kadi ile ile ya chama, mama mmoja baba mmoja na ile ya mlangoni kwetu. Sindano akayataja matano bila kukwama, nusura apige na makofi. Miezi ya mwaka kinyumenyume, ambayo nayo iko mlangoni, akaitiririsha. Akasimama kwa mguu mmoja. Kichwa kinauma? Hapana. Mwanga unasumbua? Hapana, na miwani iko mfukoni. Daktari akasema angependa wagonjwa wake wote wawe hivi, akamwandikia ruhusa.

Mume wangu alirudi nyumbani na ulimi wa asali, akaiweka ile karatasi kando ya sahani yangu. Nikampa za uso. Akasema mimi si daktari. Nikasema yeye si binadamu. Nikaenda kwa daktari, nikaambiwa kaondoka, atarudi Jumatatu, baada ya fainali. Nikampigia simu katibu wa chama, akaniambia kwa upole kwamba karatasi ya daktari ina nguvu kuliko dada. Nikamtafuta Sindano mwenyewe, nikamsihi, nikamtukana, nikamkumbusha mtoto wake. Akaniapia kwamba ni mzima, na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anaamini. Asubuhi ya fainali nilipanga mkoba, nikamwambia mume wangu neno moja tu tukiwa mlangoni.

"Nikimzika mdogo wangu, usinifuate kaburini na mbinu zako."

Akatangulia garini. Hata birika hakuiambia kitu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kinanuka dawa ya misuli na woga. Nje watu wamejaa, ngoma zinalia. Wachezaji wamekaa kwenye mabenchi na bukta zao, vifua wazi, wanangoja mfuko. Sindano yuko kwenye kona yenye giza kuliko zote. Kocha akatoa hotuba ndefu ambayo nawahurumia, siirudii, akafungua kamba, akatoa jezi ya kwanza. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Kitambaa chekundu, namba nyeupe, mshono umenyooka mpaka raha. Wakapiga makofi. Akamrushia jamaa wetu wa mbele wanayemwita Tofali.

Tofali akaingiza kichwa, na kichwa kikabaki huko huko. Tukaona kitambaa kinahangaika, paka ndani ya gunia. Kisha sauti ikatoka ndani ikiuliza jamani mlango uko wapi.

Chumba kikaangua kicheko. Shingo ilikuwa imeshonwa. Haikusahaulika kukatwa, la, ilikatwa vizuri kisha ikafungwa kwa mshono mara mbili, imara. Wa pili akavaa yake, mkono mmoja ukatokea, mwingine ukakwama kwenye mkono uliozibwa, akawa anapunga kitambaa kitupu. Wa tatu naye shingo hana. Wakawa wanacheka mpaka wanapiga mabenchi kwa viganja. Walidhani ni mzaha wa fundi kabla ya mechi ya kufa na kupona, wakaona kweli huyu ndiye mwanaume.

Mimi nilikuwa namtazama Sindano. Alikuwa hacheki. Alisogea akaichukua jezi mojawapo, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono kama anavyofanya akikagua kazi yake.

"Mbona ziko sawa," akasema.

Kicheko kikafa. Hakikufa mara moja, kilifa benchi kwa benchi, mpaka akabaki Tofali peke yake anacheka ndani ya jezi kwa sababu alikuwa haoni. Jirani yake akamfinya.

Kocha akapekua mfuko akaitoa namba tisa, jezi ya Sindano mwenyewe. Akampa. "Vaa," akamwambia, taratibu sana.

Sindano akainua mikono akaivaa. Kichwa kikafika juu kikagota. Akasukuma. Akashusha pumzi, akasukuma tena. Tulimwona uso wake umejichora kwenye kitambaa, pua na paji la uso, anasukuma bila hasira, anangoja tu shingo itokee kama inavyotokea siku zote. Na hapo ndani, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejitetea, mdogo wangu akaanza kuyataja. Sufuria. Mvua. Daraja. Shati. Kitunguu. Alipofika mwisho akayaanza upya.

Nimeona mifupa imetoka nje ya ngozi, nimeona meno kwenye nyasi, sijawahi kuumia vile. Nilitaka kumfuata. Ni mume wangu aliyekwenda. Akamvua ile jezi polepole, akamshika kichwa kwa mikono miwili, macho ya Sindano yakawa yanapepesa kwa mwanga wa dirishani. Akaikunja jezi vizuri, akaiweka juu ya benchi. Kisha akaenda mlangoni, akaibandua ile kadi, akaichana vipande viwili, vinne, akavitia mfukoni kwa sababu hakuona pa kuvitupa.

"Mchukue mdogo wako," akaniambia. Hakuongeza neno la mbinu.

Sasa timu haina jezi na watu nje wanaimba. Ikabidi zitolewe zile za mazoezi, zilizokuwa kwenye gunia na jasho la juzi, zinasimama zenyewe. Hazina namba, na refa hakubali mtu asiye na namba. Nikatoa plasta zote za mkobani nikazikata vipande nikawaandika migongoni mmoja mmoja, na Tofali akalalamika kwamba namba yake imepinda. Dakika chache za mchezo plasta zikaanza kubanduka kwa jasho, nane ikawa tatu, kumi na moja ikabaki moja. Refa alimwonya mtu ambaye hakuwepo.

Sindano nilimketisha karibu yangu kwenye benchi, miwani yake machoni, taulo kichwani, barafu kwenye kisogo. Mwanzoni alikuwa amekasirika, hataki kunitazama. Ngoma zilipozidi akaziba masikio kwa viganja, na hakujificha tena. Akaniambia zinamwingia kichwani tangu ile siku, ngoma, redio, hata cherehani yenyewe, na kwamba jezi zote alizishona gizani kwa kupapasa, maana taa ilikuwa inamchoma. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema nini, wakati yale maneno yalikuwa yanakuja yote. Nikambadilishia barafu.

Tulifungwa. Tulifungwa vizuri, kwa haki, bila hata refa wa kumlaumu. Mahali pa Sindano palikuwa na pengo na kila mtu wao alipita hapo hapo, wengine naona walipita kwa kujifurahisha tu. Kipenga cha mwisho kilipolia wachezaji wetu walilala chini kwenye nyasi na vipande vya plasta vinapepea migongoni. Sindano alikuwa ameinamisha kichwa muda wote ule, mwanga unamsumbua, kwa hiyo hakuona mwisho. Akaniuliza bila kuinua uso.

"Tumeshinda?"

"Tumefungwa," nikamwambia.

Nikasubiri. Watu wakaanza kushuka jukwaani, wapinzani wakawa wanacheza na kikombe chao. Kocha akazunguka uwanja kuwainua vijana wake mmoja mmoja. Mimi niko pale pale, nimeshika barafu inayoyeyuka inanitiririka mpaka kwenye kiwiko, masikio yote kwa mdogo wangu, nangoja aniulize tena. Hakuuliza. Akavuta pumzi, akajifuta uso na taulo.

"Basi zile shingo nitazifumua," akasema. "Ila si kesho."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mkoba mapajani, kamasi zinanitoka, na furaha niliyokuwa nayo ingetosha uwanja mzima. Watu waliopita wakasikitika, mmoja akaniambia pole mama, ndiyo michezo. Mume wangu akaja, macho mekundu, akakaa upande wangu wa pili na kunizungushia mkono. Akaniambia ninyamaze, mwakani kikombe ni chetu, tayari ana mbinu. Nikamwacha anibembeleze.